Maswali na majibu: Wastani si wewe

Kati ya wanaume na wanawake, nani ana hali nzuri zaidi ya akili?

Hili limerudi tena, na kila anayeliuliza anataka nimtangazie mshindi. Hakuna. Katika nchi nyingi, wanawake wanaokutwa na sonona ni takriban mara mbili ya wanaume. Ukiishia hapo utasema wanaume wako salama. Haya, fungua takwimu za kujiua: duniani, wanaume wanaokufa hivyo ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Nani kapata nafuu hapo? Mwanamke akiulizwa kama usingizi umempotea, mara nyingi atasema. Mwanaume atajibu "niko poa", kisha ahamie kwenye chupa au afoke nyumbani, na madodoso mengi hayana kisanduku cha kufoka. Sisemi wanawake wanalalamika tu. Ukatili wa nyumbani na ulezi usiolipwa vinawaelemea wao zaidi. Na kama kuna mtu kwenu anayesema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, na msimwache peke yake hadi apate msaada. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Nimejaza yale maswali matano ya Shirika la Afya Duniani ya kupima hali njema ya akili, nikapata 36. Nina sonona?

Sijui, na dodoso nalo halijui. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla inazidishwa kwa 4, kwa hiyo ulipata 9 kati ya 25. Mtu akiwa chini ya 50 kati ya 100 hushauriwa achunguzwe, basi. Tena maswali yale yanaangalia wiki mbili zilizopita tu: aliyefiwa juzi na mwenye kichanga kisicholala wote watashuka. Nenda ukamwone mhudumu wa afya badala ya kujaza tena mpaka upate alama unayoipenda.

Pesa huleta furaha?

Huongeza, hasa kwa asiye nayo. Linalofuata.

Kaka yangu hana kazi mwaka wa pili sasa. Tunamtumia hela lakini bado amenyong'onyea. Si uvivu huu?

Si uvivu, dada. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha Marienthal, kijiji cha Austria, kilikuwa kimefungwa na nyumba nyingi hazina mwenye ajira. Mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuchunguza. Wakakaa dirishani, saa mkononi, wakitazama wapita njia. Wanaume walijikokota na kusimama-simama. Wanawake, ambao bado walikuwa na jiko na watoto wa kuwahi, walipita upesi. Muda ulikuwa tele, lakini hata vitabu vya maktaba viliazimwa vichache kuliko zamani. Kazi humpa mtu saa ya kuamka, watu wa kukutana nao na jibu akiulizwa anafanya nini. Hela zenu zinajaza tumbo, endeleeni. Ila mpeni pia jambo la kufanya ambalo asipokuja litakwama, na mwache kumwita mvivu mbele ya watoto.

Utafiti unasema wenye ndoa wana furaha zaidi. Nimhimize binti yangu aolewe?

Hapana! Mchangamfu hupata mwenza kirahisi, kwa hiyo furaha nyingine ilitangulia harusi. Halafu ndoa mbovu zikivunjika, wahusika huhamia safu ya waliotalikiana, na safu ya wenye ndoa inabaki inang'aa.

Nina miaka 71. Nasoma kwamba wazee tuna furaha kuliko vijana. Mbona siioni?

Shikamoo mzee. Ni kweli tafiti nyingi zilichora herufi U: ujana juu, katikati chini, uzeeni juu tena. Siku hizi, katika nchi kadhaa, upande wa vijana umeporomoka, hasa wasichana, ndiyo maana wazee mnaonekana mmepaa. Lakini tazama walioulizwa ni nani. Wadadisi hubisha hodi kwenye kaya. Aliyelazwa hospitalini, aliye kwenye nyumba ya wazee na asiye na mlango wa kubishiwa hodi mara nyingi hawamo. Na wenzako wa rika waliovunjika moyo mapema, wengi wao hawakufika 71 wakaulizwa.