Vidole vinagoma alfajiri

SWALI: Musawo, nina miaka 38, nauza chapati hapa Arua. Tangu Ramadhani vidole vya mikono yote miwili vinauma na kuvimba, hata pete haivuki. Alfajiri siwezi kukanda unga. Natumbukiza mikono kwenye maji moto, jua likipanda ndipo vinalegea. Nilipimwa malaria na taifodi, sina. Dukani wananifungia vidonge vidogo kwenye karatasi. Nikimeza napata nafuu siku hiyohiyo, vikiisha maumivu yanarudi mara mbili. Na uso umeanza kutanuka. Ndiyo uzee? – Mama Chapati

JIBU: Miaka 38 si uzee, mama. Hiyo pete imenishtua, maana ndivyo ilivyomwanza mama yangu mzazi kule Bombo. Kila alikokwenda aliambiwa ni baridi tu. Alipofika kwa daktari wa viungo, vidole vilikuwa vimeshapinda upande. Hadi leo kifuniko cha chupa anafunguliwa na wajukuu.

Dalili zako zinafanana na baridi yabisi inayoletwa na kinga ya mwili. Kinga, badala ya kupambana na vijidudu, inaugeukia utando laini ulio ndani ya kiungo. Chembe nyeupe za damu hujazana pale na kumwaga kemikali zinazoleta joto na uvimbe. Kemikali hizohizo huamsha mishipa ya fahamu, hata kuguswa kidogo kukauma. Kipimo cha malaria hakiwezi kuyaona hayo.

Sasa hivyo vidonge. Sijaviona, lakini nafuu ya haraka pamoja na uso kutanuka vinanifanya nishuku deksamethasoni au prednisoloni, dawa za jamii ya steroidi. Huituliza kinga, ndiyo maana maumivu yanakatika. Lakini ukizimeza muda mrefu bila daktari hupandisha sukari na presha, na mifupa hudhoofika. Nakusihi, usiziache ghafla! Mwili ukishazizoea hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatisha siku moja kunaweza kukuangusha vibaya.

Nenda hospitali ya rufaa wiki hii, na vidonge vyako na karatasi yake. Omba kipimo cha damu kiitwacho RF, kinachosaidia kuutambua ugonjwa huu. Kikitoka hasi usikate tamaa, wapo wenye ugonjwa huu ambao hakiuonyeshi. Waonyeshe vidole asubuhi, vikiwa bado vimevimba. Huenda ukaandikiwa methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na humdhuru mtoto tumboni. Kama una mimba au unaitarajia, mwambie daktari kabla hajaandika.