Je, dhiki inahalalisha kumfuata kiongozi mwenye chuki?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Kaka yangu hana kazi kwa muda mrefu. Sasa amejiunga na kundi linalodai taifa letu limedhalilishwa, na kwamba kabila dogo linaloishi nasi ndilo linalotufilisi, basi lifukuzwe na mali zake zichukuliwe. Nikimkanya, ananijibu kuwa mwalimu wao amewafundisha: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Nimwambie nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Binti yangu, haijuzu kuliunga mkono kundi hilo, si kwa kura, si kwa mali wala kwa ulimi. Hilo halina utata. Kinachonikera ni kuona kanuni ya fiqhi inageuzwa panga.

Mwalimu huyo amesoma nusu. Kanuni hiyo ina wenzake: dharura hupimwa kwa kadiri yake, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Anayekufa kwa njaa huruhusiwa kula mzoga, lakini mafakihi wamekubaliana kwamba haruhusiwi kumuua asiye na hatia ili yeye apone. Hata akila chakula cha mwenzake kwa kulazimika, wanazuoni wengi wanamtaka akilipe. Sasa jirani ambaye hakuwahi hata kumgusa kaka yako anaingiaje katika dharura yake?

Watasema udhalili ni wa kweli. Sawa, na uwe wa kweli! Tazama Wajerumani: walioshindwa Vita Kuu ya Kwanza, walitia saini mkataba wa amani wa Versailles mwaka 1919 wakiwa hawana hiari, na Novemba 1923 dola moja ikafikia marki, sarafu yao, trilioni 4.2, akiba ya maisha ikawa karatasi. Hata hivyo, Mei 1928, uchumi ulipotulia, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Ukaja mdororo mkuu wa uchumi duniani, wasio na kazi wakafika kama milioni 6, na Julai 1932 kikapata asilimia 37.3. Fedheha ilikuwa ile ile. Njaa ndiyo iliyoipa masikio. Na Mayahudi waliobebeshwa lawama hawakufika hata asilimia moja ya raia.

Tena wasisingiziwe maskini peke yao. Novemba 1932 kura za chama hicho zilishuka. Aliyempa Hitler ukansela, yaani ukuu wa serikali, Januari 30, 1933, ni Rais Hindenburg, kwa ushawishi wa von Papen, kansela wa zamani, na wenzake waliodhani watamtumia. Hao hawakulala njaa.

Masahaba nao walionja fedheha. Mwaka wa 6 Hijria walizuiwa Hudaybiya wasiingie Makka, hadi Umar akauliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Kuhusu waliowazuia, Surat Al-Maida, aya ya 2, inawakataza Waislamu wasiache chuki iwapeleke kuvuka mipaka. Hao ni maadui waliowazuia kweli. Seuze jirani aliyesingiziwa!

Kaka yako usimsuse. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kumsaidia ndugu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa. Kundi lilimpa wenzake na la kufanya, wakati sisi wa msikitini labda hatukumuuliza hata hali. Anayetafuta kazi asipate na hana cha kumtosha ana haki katika fungu la zaka. Mpeleke kwa imamu wako wiki hii, na imamu akikuzungusha, niandikie.

Wallahu a'lam.