Nyasi Zangu Zimekwenda Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Malisho katika Stardew Valley

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa jambo moja, nalo ni kuhifadhi chakula cha mifugo katika Stardew Valley, mchezo wa kompyuta uliotungwa na Mmarekani Eric Barone, anayetumia jina la ConcernedApe, na uliotoka mwaka 2016. Kwa ambao hawajaucheza, mchezaji hurithi shamba la babu yake lililojaa magugu na mawe, akaanza kulima na kufuga. Mwaka wa huko una majira manne yenye siku 28 kila moja, na ya mwisho ni ya baridi, ambayo theluji hufunika ardhi na mifugo hawatoki nje hata siku moja. Kila mnyama hula fungu moja la nyasi kavu, au hei kama wafugaji wetu wanavyoiita, kwa siku. Hesabu yote ya malisho inaanzia hapo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipoanza kucheza nilitumia siku mbili nzima kufyeka nyasi zote zilizokuwa shambani, nikiamini kwamba siku nitakayonunua kuku nitakuwa na akiba ya kutosha. Sasa banda liko tayari, kuku wawili wamo ndani, na nimefungua masanduku yote bila kuona hata jani moja. Nyasi zangu zimekwenda wapi? – Mfyekaji, Tanga

JIBU: Ndugu Mfyekaji, pole sana. Nyasi zako hazikwenda popote, kwa sababu hazikuwahi kuwa hei. Katika mchezo huu nyasi zinazokatwa kwa fyekeo haziingii mfukoni wala sandukuni. Huruka moja kwa moja hadi kwenye silo, yaani ghala la hei, hata kama silo yenyewe iko upande wa pili wa shamba, na kama shamba halina silo, zinapotea papo hapo. Mchezo haukuonyi. Fyekeo halikupunguzii nguvu kama shoka au jembe, kwa hiyo mchezaji mgeni, akiona nishati yake imekwisha saa nane mchana, hulichukua ili asikae bure, akafyeka mpaka jioni huku akijipongeza kwa usafi. Aliye na silo huona picha ndogo ya fungu la hei ikichomoza juu ya kichwa chake kila anapobahatika. Asiyeiona picha hiyo anafyeka upepo.

Kwa hiyo jengo la kwanza la mfugaji ni silo, na mimi ninashauri litangulie hata banda la kuku. Bei yake kwa Robin, seremala wa kijiji, ni sarafu 100 tu, lakini vifaa ndivyo vinavyowachelewesha watu: mawe 100, udongo wa mfinyanzi 10 na vipande vitano vya shaba iliyoyeyushwa. Mawe yamejaa shambani kwako. Udongo wa mfinyanzi hupatikana kwa kulima ardhi kwa jembe, na mchanga wa ufukweni ni mahali pazuri pa kuutafuta kwa kuwa hapo hutaharibu shamba la mtu yeyote. Shaba itakupeleka mgodini, ambao hufunguka siku ya tano ya majira ya kwanza. Kipande kimoja kinahitaji mawe matano ya madini ya shaba na kaa moja la mawe, maana yake silo nzima itakula madini 25 na makaa matano, bila kuhesabu madini 20 na mawe 25 ya kujengea tanuru lenyewe. Ramani ya tanuru utaletewa na Clint, mhunzi, asubuhi baada ya kupata madini yako ya kwanza. Robin akishalipwa humaliza kazi kwa siku mbili.

Kuku wako wasikutie hofu. Ukiwafungulia mlango siku isiyo na mvua, nao wakakuta nyasi mbichi nje, watajilisha wenyewe. Kama umefyeka zote, nunua mbegu za nyasi dukani kwa Pierre kwa sarafu 100 kila moja, upande chache karibu na banda, kisha uziache zienee. Na kwa siku za mvua, ambazo mifugo hubaki ndani, nunua hei kidogo kwa Marnie, mfugaji wa kijiji mwenye duka la mifugo.

SWALI: Nina zizi lenye ng'ombe wanne na banda lenye kuku wanne, na silo moja. Wenzangu wananiambia niongeze silo nyingine kabla ya baridi. Je, ni lazima? – Bwana Shamba wa Mkononi, Nakuru

JIBU: Tuhesabu pamoja. Mifugo wanane mara siku 28 ni mafungu 224, na silo moja huchukua 240. Ikiwa imejaa siku ya mwisho kabla ya baridi, utavuka ukibakiwa na mafungu 16. Kwa leo wenzako wamekutisha bure.

Lakini mfugaji wa mchezo huu habaki na wanane. Zizi likipanuliwa mara moja huchukua wanyama wanane, na likipanuliwa mara ya pili huchukua 12. Banda la kuku nalo vivyo hivyo. Wanyama 12 peke yao wanakula mafungu 336 kwa majira ya baridi, na silo moja imekwishashindwa. Zizi kamili na banda kamili, yaani wanyama 24, wanahitaji 672, nazo silo tatu zina nafasi ya 720. Silo zote za shamba zinahesabiwa kama ghala moja, kwa hiyo huna haja ya kujenga karibu na zizi. Iweke pembeni kabisa, kwenye kona ambayo isingelimika.

Silo ni nafasi tu, na kuijaza ni kazi nyingine. Fyekeo la kawaida hukupa hei kwa nusu ya nafasi: kwa wastani, kati ya vishada viwili unavyokata kimoja tu ndicho kinachokuwa hei. Kujaza silo moja, basi, kunataka vishada kama 480, na hilo ni eneo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Aliyepata fyekeo la dhahabu katika pango la kule machimbo ya mawe ana nafasi ya asilimia 75, hivyo vishada kama 320 vitamtosha. Toleo la 1.6 limeongeza fyekeo la iridiamu lisilokosa hata mara moja, lakini atakayelipata amekwishacheza muda mrefu kiasi kwamba swali hili halimsumbui tena.

Ndiyo maana ninawasihi wasomaji waache kuziona nyasi kama uchafu wa shamba. Ni zao. Zungushia uzio kipande ambacho mifugo hawafiki, ukiache kienee tangu majira ya machipuko, ukate sehemu tu na kubakiza mbegu ya kuendelea. Majira ya baridi yakianza nyasi hazikui wala hazienei, kwa hiyo siku tatu au nne za mwisho za majira ya kupukutika ndizo za kufyeka bila huruma. Kabla hujaanza, simama mbele ya silo na uibofye, ikuonyeshe idadi iliyomo: ikiwa imejaa, kila utakachokata juu ya hapo kinapotea kama kilivyompotea ndugu yetu wa Tanga.

SWALI: Silo yangu inasoma 187 kati ya 240, lakini ng'ombe wangu wamenuna na maziwa hawatoi. Je, mchezo umeharibika? – Mama Maziwa, Iringa

JIBU: Haujaharibika, Mama. Silo ni ghala, na chakula hakijatoka ghalani kwenda horini. Ingia zizini, utaona ukutani chombo cha kutolea hei. Kibofye, hei itaingia mkononi, kisha upite kwenye hori na kuweka fungu moja moja mpaka nafasi zote zijae. Chombo hicho hutoa kiasi kinacholingana na wanyama wa jengo hilo, kwa hiyo kikikupa mafungu manne tu usidhani ghala limekauka. Hei iliyobaki horini haiozi, itakuwapo kesho.

Kazi hii ya kila asubuhi haiishi mpaka uwe na zizi la daraja la juu kabisa, ambalo hujaza hori lenyewe kutoka kwenye silo. Gharama ya hatua hiyo ya mwisho ni sarafu 25,000, mbao 550 na mawe 300. Ni ghali, lakini kwa maoni yangu ndiyo fedha inayolipa kuliko zote katika ufugaji wa mchezo huu, kwa sababu asubuhi ni fupi. Kuhusu ng'ombe wako, hawatakufa kwa njaa. Upendo wao kwako umeshuka kidogo, nao utarudi ukiwalisha na kuwapapasa kila siku.

SWALI: Kwa nini nisumbuke na silo wakati Marnie anauza hei? – Mfanyabiashara, Mombasa

JIBU: Marnie anauza fungu moja kwa sarafu 50. Wanyama 12 kwa majira ya baridi watakugharimu sarafu 16,800, ilhali kuku mmoja unamnunua kwa 800. Silo ni sarafu 100. Nadhani mfanyabiashara hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna shida nyingine ambayo haionekani kwenye bei. Mwaka wangu wa kwanza niliingia katika baridi na mafungu 40 kwa wanyama sita, nikijiambia kwamba yakiisha nitanunua. Yakaisha wikendi. Jumatatu nikavuka theluji hadi kwa Marnie na sarafu zangu, nikakuta duka limefungwa, maana hauzi Jumatatu wala Jumanne. Siku mbili hizo sikupata yai wala maziwa, na kila nilipoingia zizini nilipokelewa na sura sita zilizokunjamana.

Ikiwa kufyeka kumekuchosha, ipo njia ya tatu ambayo wachache wanaikumbuka: ngano. Mbegu yake ni sarafu 10, hukomaa kwa siku nne, hustawi katika kiangazi na majira ya kupukutika, na kila unapovuna shina moja una nafasi ya asilimia 40 ya kupata hei juu ya ngano yenyewe. Hei hii, tofauti na ile ya fyekeo, inaingia mkobani. Unaweza kuiweka sandukuni hata kama huna silo, au ukaishika mkononi, ukaenda kwenye silo na kuitia humo. Ngano unaiuza, hei inabaki.

SWALI: Je, kuku nao wanakula hei? Na farasi wangu nimwekee wapi chakula? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Wanakula. Kuku, bata, sungura, mbuzi, kondoo, nguruwe na ng'ombe, wote hula hei ileile kutoka silo ileile, jambo ambalo mfugaji wa kuku wa kweli, aliyezoea pumba na mashudu, ataliona ni kichekesho. Nguruwe wahesabu kwa makini: wakati wa baridi hawatoki nje kuchimbua uyoga wao wa thamani, lakini fungu lao la kila siku liko palepale. Farasi hali kitu. Mpande tu.