Msimu wa pili umeharibika? Maswali yenu na majibu

Maswali ya mwezi huu yametoka Katuba, Kampemba, Ruashi na kwingineko hapa Lubumbashi, na karibu yote yanahusu kitu kimoja: seri ya hadithi za kisayansi inakuwaje ikifika msimu wa pili.

*Yaya, papa amepata Cosmos 1999 yote kwenye flash, ile ya Kifaransa. Tumefika msimu wa pili, Profesa Bergman hayupo na hakuna anayemtaja. Tumekosa kipindi?* (Kijana wa Kamalondo)

Mwambie papa flash yake ni nzima. Bergman ameondoka tu, na kwenye kioo hakuna anayeeleza alikokwenda.

Seri hii ya Waingereza, ambayo kwao inaitwa Space: 1999, ilianza kuonyeshwa mwaka 1975. Takataka za nyuklia zinalipuka, Mwezi unatupwa nje ya njia yake, na watu 311 wa Alpha, kituo kilichojengwa juu yake, wanachukuliwa nao. Katika msimu wa kwanza wanakutana na mambo makubwa kuliko akili zao, na mara nyingi wanayaacha nyuma bila kuyaelewa. Kwa msimu wa pili, mwaka 1976, aliletwa mtayarishaji Mmarekani, Fred Freiberger, mambo yaende mbio zaidi na watu wacheke kidogo. Barry Morse, aliyecheza Bergman, yule mwanasayansi wa kituo, akatoka. Ule ukumbi mpana wa uongozi ukaachwa, wakahamia chumba kidogo. Hata muziki ulibadilishwa: Barry Gray akampisha Derek Wadsworth. Akaingia Maya, mwanamke wa sayari nyingine anayeweza kujigeuza kiumbe chochote.

Wengi wanamlaumu Maya. Mimi simlaumu, Catherine Schell anamcheza kwa raha, na bila yeye ningezima mapema. Kilichonichosha ni kwamba ile hofu ya kupotea angani imekwisha, na mahali pake pamejaa madude ya kupigana nayo. Bergman alikuwa anaketi na swali gumu mpaka linamuumiza. Maya anageuka mnyama, shida inaisha, kesho dude lingine. Hapo seri imeacha kuuliza ilichokuwa inauliza, na kwangu kosa ni hilo, si sura mpya.

*Mbona Star Trek ya Kapteni Picard inaanza kunoga msimu wa pili? Rafiki yangu anasema ni sababu ya ndevu.* (Mwanafunzi, Kampemba)

Rafiki yako hajakosea sana. Riker, msaidizi wa Picard, anarudi na ndevu mwaka 1988, na mashabiki mpaka leo wanazihesabu kama alama ya seri kukomaa. Lakini ndevu haziandiki hadithi. Mwaka huo waandishi wa Hollywood walikuwa wamegoma kwa miezi, msimu ukashuka kutoka vipindi 26 hadi 22, na kile cha mwisho kimeunganishwa kwa vipande vya zamani ili kubana pesa. Kibaya kweli, kiruke. Daktari wa meli naye alibadilishwa.

Pamoja na hayo yote, msimu huohuo ndio ulioleta Borg, viumbe nusu mashine wanaofikiri kwa akili moja. Mpaka hapo Picard alikuwa na jibu kwa kila mgeni: hotuba nzuri na akili timamu. Borg hawasikilizi hotuba. Inabidi amwombe Q, yule kiumbe mwenye nguvu nyingi anayemsumbua, amwokoe, tena mbele ya wafanyakazi wake. Seri haikutupa imani yake kwamba binadamu amekomaa. Iliipeleka mahali inapoweza kushindwa. Ndiyo maana inanoga.

*Katika Altered Carbon wamebadilisha mwigizaji mkuu. Si dharau kwa watazamaji?* (Msomaji wa Ruashi)

Hapana. Katika dunia ile, nafsi ya mtu inatunzwa kwenye kidude shingoni na kuhamishiwa mwili mwingine. Joel Kinnaman mwaka 2018, Anthony Mackie mwaka 2020, mhusika ni yuleyule. Msimu wa pili una udhaifu wake, ila usitafute hapo.

*Watoto wangu walingoja Severance karibu miaka mitatu. Hao watu wanalala?* (Mama wa Katuba)

Hawakulala, mama. (Kwa wasioijua: Severance ni seri ya wafanyakazi waliogawanywa kumbukumbu, ya kazini na ya nyumbani.) Msimu wa kwanza ulikwisha Aprili 2022, wa pili ukaanza Januari 2025. Katikati yake, mwaka 2023, waandishi waligoma, kisha waigizaji wakagoma nao, kazi ikasimama. Warudishe watoto kwenye kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza kabla hawajaendelea, la sivyo watakusumbua kwa maswali.

*Mega ni ghali. Kwa Andor, niruke msimu wa kwanza?* (Fundi simu, mjini)

Usiruke. Tony Gilroy, aliyeitunga seri hii ya ulimwengu wa Star Wars, alifikiria misimu mitano, akaona umri wa watu hautaruhusu, akaikunja kuwa miwili. Kwa hiyo msimu wa pili, wa 2025, una vipindi 12 katika mafungu manne ya vitatu, na kila fungu linaruka mwaka mzima. Hawatakueleza nani alimpenda nani wala nani alikufa katikati; unatakiwa uwajue tayari. Pakua vitatu vitatu, usiku, umeme ukiwepo. Fungu moja ni kama filamu kamili. Hata msimu wa kwanza ulifunguliwa kwa vipindi vitatu siku moja, kwa hiyo anza na hivyo, ukiona havikukamati weka mega zako kwa mpira.