Wasomaji Wanauliza: Dagaa wa Akiba Ziwa Likifungwa

SWALI: Nauza dagaa Kibirizi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, magunia yangu ya akiba yaliota ukungu kabla hata ya mwezi wa pili. Nakosea wapi?
Mama Muuza Dagaa, Kigoma

JIBU: Mama, tatizo huanzia kwenye uanikaji. Kilo 4 za dagaa wabichi zikikauka sawasawa hubaki kilo 1 hivi. Zikibaki 1 na nusu, hiyo nusu ni maji unayoyafungia guniani. (Mnunuzi anayesifia uzito leo hatakuwepo gunia likivunda.)

Anika kwenye chanja cha wavu, usawa wa kiuno, ili upepo upite na chini. Tandaza tabaka moja, na upande wa juu ukishakauka geuza. Mvua ikija, turubai liinuliwe kwa miti. Likiwalalia dagaa, jasho linawarudia. Waliomwagwa mchangani hukauka upande mmoja, na mchanga ukishagandia tumboni hautoki hata uoshe mara tatu.

Kabla ya kufungasha, chukua wale wanene uwapinde nyuma ya kichwa. Aliyekauka huvunjika ko! Akikunjika tu, mrudishe juani. Kisha wapoe kivulini, maana wakipakiwa wangali na joto hutoa unyevu humo humo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila wiki mbili fungua moja uchote dagaa wa katikati. Ukikuta wadudu, anika upya. Dawa ya kupulizia mazao isiguse dagaa kabisa, hata kama jirani yako kibandani huitumia.

SWALI: Huku Tabora dagaa wa Kigoma wanaletwa wamechanganyika na visamaki vingine. Nikatae?
Msomaji, Tabora

JIBU: Tazama mgongo. Dagaa ana pezi moja dogo, laini. Kisamaki chenye miiba mgongoni na mdomo mpana huenda ni mgebuka au sangara mchanga, hajazaa hata mara moja. Wachache si ajabu: migebuka huwafuata dagaa hadi kwenye taa za wavuvi na kunaswa nao. Lakini sangara wachanga hukaa kwenye majani kando ya ufukwe, kwa hiyo wakijaa funguni, shuku kokoro, yaani wavu unaokokotwa hadi ufukweni, na kokoro limepigwa marufuku. Fungu hilo liache, umweleze muuzaji sababu ili naye ambane anayemletea.