Maswali ya Wasomaji: Macho ya helmeti yanajizima

SWALI: Assalamu alaykum. Nimetengeneza helmeti ya roboti kwa maboksi na sponji ngumu, ya mchezo wa kuigiza wa skuli yetu. Machoni nimeweka LED sita nyeupe, zote kwenye rezista moja (kile kidude cha kupunguza umeme), zikila umeme wa pawabenki. Zinawaka kidogo, kisha pawabenki inajizima. Tena mbili zinang'aa kuliko nyengine. Kosa liko wapi?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaykum salaam. Pawabenki yako nzima. Nyingi hujizima mzigo ukiwa mdogo, maana huhesabu kuwa simu imeshajaa, na taa sita namna hiyo hazifiki hata miliampia 100. Iweke kando, utafute kikasha cha betri tatu za AA: volti 4.5.

Mng'ao usiolingana unatokana na ile rezista moja. LED nyeupe hutaka volti 3 na kidogo, lakini hazilingani kabisa hata zikitoka pakiti moja. Inayoridhika na volti chache hunyakua mkondo, nyengine zikabakia na makombo. Kila taa ipate rezista yake. Hesabu ni hii: 4.5 toa 3.2 za LED inabaki 1.3, gawa kwa ampia 0.015, mkondo wa taa moja, unapata omu 87, ndicho kipimo cha rezista. Chukua ya juu yake, omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia. Ukitaka macho mekundu, LED nyekundu hula volti 2 hivi, basi weka omu 180: kahawia, kijivu, kahawia. Fundi redio yeyote anazo.

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukishaikata miguu, tazama ukingo wa kichwa: palipo bapa ni hasi. Kila kiungo kichomee risasi, ukizungushie utepe wa umeme, kwani helmeti ikivaliwa nyaya hubanana na kugusana. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Wa uzi mmoja hukatika taya la helmeti likifunguliwa mara kwa mara.

Kikasha kikae kisogoni, uso tayari una uzito wake. Swichi iwe chini ya sikio.

Ili macho yasionekane nukta kali, piga msasa laini vichwa vya LED, au weka kipande cha dumu jeupe la plastiki sentimita 2 mbele yake. Nyuma ziba kwa sponji nyeusi, la sivyo mwanga utamrudia mvaaji naye haoni jukwaa. Karatasi ya aluminiamu usiitumie hapo: inapitisha umeme.

Gundi ya moto hulegea juani, kwa hiyo helmeti isiachwe ndani ya gari. Na betri zitolewe baada ya onyesho. Hewa yetu ya chumvi hula vile vibati vya kikasha upesi sana.

SWALI: Ukanda wa LED wa volti 12 utawaka kwa betri ya volti 9?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Mweupe utafifia sana, kwani kila kipande kina taa tatu zilizofuatana, nazo peke yake zinataka volti 9 na zaidi. Weka betri nane za AA, kiunoni.