Ada ya NBAA: Namna ya Kumwomba Mwajiri Ailipe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi ya usafirishaji mjini Morogoro. Kila mwaka nalipa kwa fedha zangu ada ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), pamoja na gharama za mafunzo endelevu. Nilipomgusia mkurugenzi suala hili, alinijibu kwamba cheti ni changu, na ada pia ni yangu. Nimweleze vipi?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mkurugenzi wako ana ukweli kwa sehemu, na ni vema uanze kwa kulikubali hilo: usajili ni wa mtu binafsi, na siku ukihama kampuni utahama nao. Hata hivyo, tafuta tangazo la kazi uliyoomba na mkataba wako wa ajira. Ikiwa humo imeandikwa kwamba mhasibu sharti awe na CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyefuzu mitihani ya Bodi, na awe amesajiliwa na NBAA, basi aliyeweka sharti hilo ni kampuni, tena kwa manufaa ya kazi zake, na usajili huo hauwezi kudumu bila kulipiwa kila mwaka. Hoja hii ina uzito kuliko malalamiko yoyote kuhusu ugumu wa maisha, ambayo humfanya mwajiri adhani kwamba anaombwa nyongeza ya mshahara kwa njia ya kuzunguka.

Mkumbushe pia kwamba NBAA si chama cha hiari, bali ni chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kisha mwoneshe faida kwa mfano wa kazi zenu wenyewe. Kama kampuni hutumia viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS) na hukodi malori kwa mikataba ya muda mrefu, IFRS 16, inayohusu ukodishaji, iliyoanza kutumika Januari 2019, inataka malori hayo yaonekane kwenye mizania, haki ya kuyatumia ikiwa mali na malipo ya ukodishaji ambayo bado hayajalipwa yakiwa deni. Mhasibu asiyehudhuria mafunzo hukutana na jambo kama hilo kwa mara ya kwanza pale mkaguzi anapolihoji.

Lipo na suala la kodi, ambalo naona wengi hulisahau: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inairuhusu kampuni kupunguza kutoka katika mapato yake gharama zilizotumika kuzalisha mapato ya biashara kabla ya kodi kukokotolewa, ilhali wewe unailipa ada hiyo kutoka katika mshahara uliokwisha kukatwa kodi ya mshahara (PAYE).

Usiyaseme haya mkiwa mnapishana ukumbini. Andika barua ya ukurasa mmoja kabla bajeti haijaandaliwa, ambatisha stakabadhi ya mwaka uliopita, na uombe waziwazi: “Naomba ada yangu ya NBAA iingizwe katika kifungu cha mafunzo cha bajeti ijayo, kwa kuwa nafasi ninayoishika inahitaji mhasibu aliyesajiliwa.” Akihofu kwamba utalipiwa kisha uondoke, jitolee kwa maandishi kurejesha sehemu ya ada inayolingana na miezi itakayokuwa imebaki. Akikataa yote, omba nusu, au angalau siku za semina zihesabiwe kuwa siku za kazi.

Wakati mazungumzo yakiendelea, lipa ada yako kwa wakati, kwani jina likiondolewa kwenye daftari la Bodi, atakayeulizwa ni wewe.